NANI ATANISIKILIZA?

Yafuatayo ni mazungumzo ya muuguzi mmoja mbele ya klabu ya afya ya shule ya sekondari. Tumeyaacha kama alivyoyasema, ili nawe msomaji ujione umekaa pale pamoja nao.

Naona wengine mmetoka kula ugali na maharage sasa hivi, macho yameanza kuwa mazito. Haya, kaeni vizuri. Leo sitazungumza juu ya malaria wala Ukimwi. Leo nataka tuzungumze historia. Ndiyo, historia, wewe wa nyuma usigune! Subiri kwanza uisikie.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aliyekuwa akija zahanati karibu kila Jumatatu. Tumbo. Tukimpima malaria, hana. Choo, safi. Mkojo, safi. Nikawa nampa vidonge vya maumivu na kumwambia arudi darasani. Wenzake walisema anategea, na mimi, niseme kweli, niliamini vivyo hivyo. Jumatatu moja hakuja. Nikasikia ameacha shule. Mpaka leo sijui alikuwa na nini, kwa sababu sikumuuliza. Nilimuuliza habari za tumbo lake tu. Habari zake yeye sikumuuliza.

Basi leo nataka niwaeleze juu ya watu wa kwanza waliojaribu kuuliza. Walikuwa Ulaya, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kazi yao inaitwa uchambuzi wa nafsi. Walipatia mengi na walikosea mengi, na nitawaambia yote mawili.

MSICHANA ALIYESHINDWA KUNYWA MAJI

Tuanze Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1880. Kuna msichana wa miaka 21 anaitwa Bertha Pappenheim. Baba yake ni mgonjwa sana, naye Bertha anakesha kumuuguza. Kidogo kidogo na yeye anaanza kuugua. Anakohoa. Mkono wa kulia unakufa ganzi. Macho hayaoni vizuri. Ikafika mahali akashindwa kusema Kijerumani, lugha yake ya kuzaliwa, akawa anasema Kiingereza tu!

Madaktari wa siku zile walikuwa na jina la hali hiyo: histeria. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mji wa mimba, kwa kuwa watu wa kale walidhani ni ugonjwa wa wanawake peke yao. Wengi walimwona mgonjwa wa namna hiyo kama mtu anayeigiza.

Msicheke, maana mambo haya hata kwetu yapo. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walikuwa 95, na shule ikabidi ifungwe. Waliwapima, hawakuona sumu wala kijidudu. Je, walikuwa wanaigiza? Hapana. Mwili unaweza kusema jambo ambalo mdomo umeshindwa kulisema.

Daktari wa Bertha alikuwa Josef Breuer. Huyu alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: aliketi na kumsikiliza, siku baada ya siku. Wakati mmoja wa joto kali Bertha alishindwa kabisa kunywa maji kwa wiki kadhaa, akawa anakata kiu kwa matunda. Siku moja, akiwa katika hali kama ya usingizi, akasimulia kwa hasira jinsi alivyomkuta mbwa akinywa maji kwenye glasi, naye kwa adabu akanyamaza bila kusema neno. Alipokwisha kulitoa, akaomba maji, akanywa.

Bertha mwenyewe ndiye aliyeipa kazi hii jina. Aliiita tiba ya kuzungumza. Kwa utani akaiita pia kusafisha bomba la moshi. Kwa hiyo jina la tiba hii lilitoka kwa mgonjwa, tena msichana, wala si kwa profesa.

Ila msidhani aliamka siku moja amepona. Kitabu kilichotolewa mwaka 1895, ambamo anaitwa “Anna O.”, kinaeleza kana kwamba mambo yalikwisha vizuri. Ukweli ni kwamba mwaka 1882 alilazwa tena, na ilimchukua miaka kupata nguvu. Lakini alizipata! Baadaye aliongoza nyumba ya yatima huko Ujerumani, mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi, na alipigana maisha yake yote dhidi ya watu waliokuwa wakiwauza wasichana kwenye ukahaba. Kwa hiyo ukisikia mtu “amewahi kuchanganyikiwa”, usimfutie maisha yake.

DAKTARI FREUD NA KITI CHAKE

Rafiki kijana wa Breuer alikuwa Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856. Ndiye aliyeandika kile kitabu pamoja naye. Freud alikuwa daktari wa neva. Mwaka 1885 alikwenda Paris kusoma kwa Jean-Martin Charcot, bingwa aliyekuwa akionyesha kwamba mkono uliopooza kwa histeria unaweza kuamshwa kwa maneno tu. Freud akajiuliza: kama maneno yanaweza kuamsha mkono, je, si yawezekana mawazo ndiyo yaliyoulaza?

Akarudi Vienna, na katika nyumba namba 19 mtaa wa Berggasse akawa anawalaza wagonjwa kwenye kochi, yeye ameketi nyuma ya kichwa chao. Anawaambia: sema lolote linalokuja akilini, hata kama ni la aibu au la kipuuzi. Usichague. Mwaka 1896 akaanza kuiita kazi hiyo uchambuzi wa nafsi.

Wazo lake kubwa ni hili: akili ya mtu ina sehemu ambayo mwenyewe haioni. Mambo yanayotuumiza au kututia aibu tunayasukuma huko chini, lakini hayafi. Hurudi kwa njia ya ndoto, kwa ulimi kuteleza, au kwa ugonjwa. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Freud angesema: tena wakati mwingine wewe mwenyewe ndiye uliyekificha humo.

Kitabu chake juu ya ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899. Zilichapwa nakala 600, na ilichukua karibu miaka minane kuzimaliza kuziuza! Kwa hiyo wewe unayekata tamaa kwa sababu ya jaribio moja la hesabu, tafakari.

Lakini Freud hakuwa malaika. Mwaka 1884 aliandika akiisifu kokeini kama dawa. Alimpa rafiki yake aliyekuwa mtumwa wa mofini, akidhani itamwokoa. Rafiki akawa mtumwa wa kokeini vilevile, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Na Freud mwenyewe alivuta sigara kubwa za sigaa, nyingi kwa siku. Mwaka 1923 akaonekana ana kansa kinywani. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30. Mtu aliyechambua akili za wenzake alishindwa kuacha moshi. Hilo nalo ni somo, au siyo?

MAJIRANI WALIOGOMBANA

Mwaka 1902 Freud alianza kuwakusanya madaktari wachache nyumbani kwake kila Jumatano jioni. Mmoja wao alikuwa Alfred Adler. Adler alipokuwa mtoto alikuwa na matege, na karibu afe kwa kichomi. Labda ndiyo maana wazo lake lilikuwa hili: kila mtoto huanza maisha akijiona mdogo na dhaifu, na mengi tunayofanya ni kujaribu kujiinua kutoka hapo. Wengine hujiinua kwa bidii. Wengine hujiinua kwa kuwakandamiza wenzao. Yule mbabe wa bwenini kwenu, anayewaogopesha wa kidato cha kwanza, Adler angekuuliza: ndani yake anaogopa nini? Mwaka 1911 Adler alijitenga na Freud, kisha akashughulikia vituo vya ushauri kwa watoto na wazazi huko Vienna.

Mwingine alikuwa Carl Jung wa Uswisi. Walipokutana na Freud mwaka 1907 walizungumza kwa saa kama 13 mfululizo! Lakini kufika mwaka 1913 urafiki ulikuwa umekufa. Freud aliona karibu kila fundo la nafsi lina mzizi katika tamaa za mwili, na Jung hakukubali.

Huyu Jung alifika kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1925 aliteremka Mombasa, akapanda treni, akaenda hadi miteremko ya Mlima Elgon. Aliketi na wazee, akizungumza nao Kiswahili cha kuokoteza huku kamusi ndogo iko mkononi, akiwauliza juu ya ndoto. Mzee mmoja akamjibu kwamba zamani mganga wao aliota na kujua kama kuna vita au maradhi, lakini tangu wazungu waje ndoto hazihitajiki tena, kwa kuwa sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu. Jung hakulisahau jibu hilo. Alielewa kwamba mtu akinyang'anywa uamuzi wa maisha yake, hata ndoto zake zinanyamaza.

Na msidhani ni wanaume tu. Binti mdogo wa Freud, Anna, alianza kama mwalimu wa shule. Mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya ujanja ambao nafsi hutumia kujikinga na maumivu. Nitawapa mifano, uone kama humo hujimo. Umefokewa na mwalimu, huwezi kumjibu, ukifika bwenini unampiga teke mdogo wako: umehamisha hasira. Wewe ndiye mwenye wivu, lakini unasema rafiki yako ndiye anayekuonea wivu: umemtwika mwenzio mzigo wako. Mtu amefiwa, naye anasema “mimi sijali”: anakana. Anna hakusema hayo ni dhambi. Alisema ni ngao. Ila ukiishi na ngao usoni mchana na usiku, utajikwaa.

Mwaka 1938 Wanazi waliingia Austria. Freud na familia yake walikuwa Wayahudi. Anna alichukuliwa na polisi wa siri kuhojiwa, akarudi salama. Mwezi wa Juni wakakimbilia London, na huko Freud akafariki tarehe 23 Septemba 1939. Dada zake wanne waliobaki nyuma waliangamia mikononi mwa Wanazi.

MSICHANA ALIYEONDOKA

Sasa nafika pale nilipotaka kufika. Nisikilizeni vizuri.

Mwaka 1900 baba mmoja alimleta kwa Freud binti yake wa miaka 18, Ida Bauer. Freud alipoandika habari zake alimwita “Dora”. Binti alikuwa akikohoa, sauti ikimpotea, na alikuwa ameandika barua ya kutaka kufa. Alisema hivi: rafiki wa familia, mtu mzima mwenye mke, alimkumbatia na kumbusu kwa nguvu alipokuwa na miaka kama 13 au 14. Baadaye, karibu na ziwa, akamtaka tena. Binti akampiga kofi, akaja kusema nyumbani. Yule bwana akakana. Baba naye akasema binti ameyabuni mwenyewe. Na kumbe baba alikuwa na uhusiano na mke wa bwana yuleyule!

Mnaona hali yake? Kila mtu mzima aliyemzunguka alikuwa na sababu ya kutaka anyamaze.

Freud alimwamini kwamba mambo yalitokea. Hapo alifanya vizuri kuliko baba. Lakini kisha akamwambia kwamba ndani kabisa anampenda yule bwana, na kukataa kwake ni ishara ya kumtaka. Binti alivumilia wiki 11. Tarehe 31 Desemba 1900 akaaga, akaondoka.

Kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu kama mgonjwa aliyekatiza tiba. Mimi nasema alikuwa na haki ya kuondoka. Baadaye alikwenda mwenyewe kwa familia ile, akawaambia ukweli wao machoni, na yule bwana akakiri. Hakuwa ameyabuni.

Kosa hili halikuanza hapo. Mwaka 1896 Freud aliwaambia madaktari wenzake kwamba wagonjwa wake wa histeria walikuwa wamechezewa kimwili walipokuwa watoto. Walimpokea kwa baridi. Mwaka uliofuata akabadili mawazo, na polepole akaanza kufundisha kwamba mengi ya hayo ni mambo ambayo mtoto huyawaza tu. Hakusema kwamba watoto hawadhulumiwi kamwe. Lakini baadhi ya waliomfuata walipata kisingizio: mtoto akisema, eti ni mawazo yake.

Mmoja alikataa. Sándor Ferenczi wa Hungary alikuwa rafiki wa karibu wa Freud. Mwezi wa Septemba 1932, katika mkutano wa Wiesbaden, Ujerumani, alisimama akasema: watoto hawa wanasema kweli. Mtoto anaomba upendo wa kitoto, mtu mzima anamjibu kwa tamaa ya kikubwa. Kisha mtu mzima anajifanya hakuna kilichotokea, na mtoto anabeba hatia isiyo yake. Freud alikuwa amemsihi asiisome hotuba hiyo. Wenzake walimwona amepotoka. Mwezi wa Mei 1933 Ferenczi akafariki. Leo wanaowahudumia watoto waliodhulumiwa wanafundisha jambo lilelile alilolisema: kunyamazishwa ni jeraha la pili.

SASA WEWE

Mtaniuliza, sista, basi mambo haya ni kweli au si kweli? Jibu langu: baadhi. Mengi aliyoyasema Freud juu ya wanawake yalipingwa mapema, hata na daktari mwenzao Karen Horney, na mengine hayawezi kupimwa kisayansi. Kuanzia miaka ya 1960, Aaron Beck wa Marekani, ambaye mwenyewe alisomea uchambuzi wa nafsi, alianzisha tiba fupi ya kumsaidia mtu kuyakagua mawazo yake ya kila siku, nayo imepimwa na kuonekana inasaidia. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, kina bibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakizungumza nao. Hakuna kochi, ni benchi la mbao chini ya mti. Na utafiti umeonyesha kwamba linasaidia.

Kilichobaki ni kile alichokijua Bertha: kuna mzigo ambao hauondoki mpaka usemwe kwa mtu anayesikiliza.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. La kwanza, kama unabeba neno, litafutie mtu. Mtu huyo anaweza kuwa matroni, mwalimu wa ushauri, shangazi, shehe, padri au muuguzi. Ukimwambia wa kwanza akakudharau, au akakuambia wewe ndiye uliyeyataka, kosa ni lake. Ondoka kama alivyoondoka Ida, umtafute wa pili. Na wa tatu. Kwa Tanzania na Kenya unaweza pia kupiga simu namba 116, huduma ya simu kwa watoto, bila malipo. Na kama ni mtu mzima anakuchezea au anakutishia, hilo ni kosa la jinai, polisi wana dawati la jinsia na watoto.

La pili, kama wewe ndiye unayeambiwa, funga mdomo ufungue masikio. Usimpe hadithi yako. Usimwambie maana ya moyo wake, hata Freud ilimshinda. Mwambie: nakuamini, pole, twende pamoja kwa mtu mzima anayeweza kusaidia. Na usiitangaze siri yake kantini. Ila akikuambia anataka kujiua au kuna anayemdhuru, hiyo usiibebe peke yako. Sema siku hiyohiyo.

La tatu, acheni kuitana vichaa. Mtu akisema anataka kumwona mtaalamu wa akili, asiambiwe “basi nenda Mirembe”. Aliyevunjika mguu huwa hatumcheki, tunamshika mkono mpaka hospitali.

Mimi yule msichana wa Jumatatu sitampata tena kumuuliza. Lakini tangu siku ile, mtoto akija kwangu na tumbo, nampima kwanza, maana inaweza kuwa ni tumbo kweli. Kisha nafunga mlango, navuta kiti, nauliza: na nyumbani je? Na shuleni je? Halafu nanyamaza. Wengine husema hakuna kitu. Wengine hukaa kimya muda mrefu, kisha wanaanza.

Nipo hapa mpaka saa kumi. Nitakaa kwenye kile chumba cha mwisho, karibu na maktaba. Sasa ni zamu yangu kuwasikiliza ninyi.